Heshima Huachwa Langoni: Ya Kufanya na Kutofanya Kwenye Uwanja wa Shabaha

Orodha hii ni ya wanachama wapya wa klabu za shabaha, na zaidi ni ya wale wa zamani. Mgeni huja na hofu, na hofu humlinda. Anayenitia wasiwasi mimi ni mwanachama wa miaka mingi, mwenye bastola ya bei ghali na jina kubwa, ambaye hakuna anayethubutu kumwambia kwamba mtutu wake umepita tumboni mwa jirani. Nimesimamia mstari wa kufyatulia kwenye viunga vya Nairobi muda wa kutosha kujua jambo moja: visa vingi vilivyokaribia kutoa roho vilianza na mtu aliyeona kosa akanyamaza, kwa sababu aliyekosea alikuwa mkubwa wake.

Kwa hiyo, kabla ya yote, acha cheo, umri na mali langoni. Ndani kuna msimamizi wa renji, na kuna wengine wote. Jaji, mbunge, kasisi na afande mstaafu, kila mmoja husimama anapoambiwa simama.

Na usiseme "ajali haina kinga" mbele yangu. Wala usimsingizie shetani. Kwenye renji kinga ipo, imeandikwa, inajulikana, na haigharimu hata senti.

KANUNI NNE

Hizi zilipangwa hivi zilivyo na Mmarekani Jeff Cooper, aliyekuwa ofisa katika jeshi la Marine kisha akafungua shule ya bastola huko Arizona mwaka 1976. Leo utazikuta zimebandikwa kwenye renji nyingi sana duniani. Ukizijua kwa kichwa tu hujazijua. Mkono wako ndio unaopaswa kuzijua.

Ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi. Hata ile uliyoifungua mwenyewe, ukaiweka mezani, ukaenda kunywa maji, ukarudi.

Usielekeze mtutu kwa kitu ambacho huko tayari kukiharibu. Watu hufikiri kanuni hii inahusu mahali bunduki inapoishia. Inahusu njia nzima. Bastola inayotoka kiunoni hadi kwenye shabaha hupita karibu na paja lako, mguu wako, na goti la aliye kando yako. Katika mashindano ya shirikisho la shabaha la IPSC, lililoanzishwa Columbia, Missouri, mwaka huohuo wa 1976, mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka uelekeo wa tuta la udongo linalozuia risasi, siku yako imekwisha. Hakuna onyo la kwanza. Nawaunga mkono kabisa.

Kidole kikae nje ya triga, kimenyooka ubavuni mwa bunduki, mpaka jicho lako liwe kwenye shabaha na umeamua kupiga. Hii ndiyo inayovunjwa zaidi ya zote, na mvunjaji hutetea kwamba hakuwa na nia ya kubana. Nia haihusiki. Mtu akijikwaa, akishtuliwa, au akisukumwa begani, vidole vya mkono hujikunja pamoja, na kile kilichokuwa kwenye triga hujikunja navyo. Unapotembea, unapojaza risasi, unaposafisha, unapoongea, kidole nje.

Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Risasi ndogo ya .22, ambayo wengi huiona ya kuchezea, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1.5 ikikosa kizuizi. Karatasi haizuii chochote. Kinachozuia ni tuta la udongo, na ukipiga juu ya tuta, kuna shamba la mtu, njia ya watoto wa shule, bomba la maji ambako akina mama wamejipanga na mitungi.

Kanuni hizi hushikana. Ukivunja moja, mara nyingi nyingine hukuokoa: kidole kikiteleza huku mtutu umeelekea tutani, kinachoumia ni udongo. Lakini kila unayoivunja ni kinga uliyoiondoa, ndiyo maana sikubali hoja ya "nilivunja moja tu".

USIAMINI NENO LA MTU KWAMBA HAINA RISASI

Tarehe 21 Oktoba 2021, kwenye shamba moja huko New Mexico walikokuwa wakitengeneza filamu ya Rust, bastola ilitolewa kwa mwigizaji ikitangazwa kwamba haina hatari. Ilikuwa na risasi ya kweli. Halyna Hutchins, mpiga picha mkuu wa filamu, akafa, na mwongozaji akajeruhiwa. Mtunza silaha alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2024. Tazama mlolongo huo: watu kadhaa waliishika bunduki ile au kuisimamia, na kila mmoja aliegemea ukaguzi wa mwenzake.

Ukipewa bunduki, ifungue mwenyewe. Ukiitoa, ikabidhi ikiwa imefunguliwa, chemba ikionekana, mtutu ukiwa tutani. Anayepewa aangalie hata kama amekuona ukiangalia. Hilo si tusi kwako. Mtu akinuna kwa sababu umekagua bunduki aliyokupa, mwache anune.

Utaratibu wa kuondoa risasi una mpangilio mmoja tu, na mpangilio ndio uhai wake. Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi nyuma, risasi iliyomo itoke. Tazama ndani ya chemba. Ingiza ncha ya kidole kidogo uguse, maana jicho lililochoka jioni huona linachotaka kuona. Tazama tena. Mwonyeshe msimamizi.

Mzee mmoja, mwanachama wa tangu klabu ianze, mtaratibu na mpole, alimaliza zoezi lake asubuhi ya Jumamosi. Alivuta slaidi kwanza. Risasi ikaruka, ikaanguka kwenye changarawe. Ndipo akatoa magazini. Aliitazama ile risasi chini, akaridhika. Lakini slaidi iliporudi mbele magazini ilikuwa bado ndani, na ilikuwa imesukuma risasi nyingine chembani. Akaanza kugeuka azungumze na rafiki yake. Msimamizi, kijana wa umri wa mjukuu wake, alimshika kifundo cha mkono, akaurudisha mtutu tutani, akasema, "Mzee, tutazame mbele kwanza, halafu tuangalie pamoja." Wakavuta slaidi taratibu. Shaba ilikuwa inang'aa pale ndani.

Mzee hakununa. Aliomba aonyeshwe upya mbele ya wote, na siku hizi akimaliza hutamka kwa sauti: magazini, slaidi, jicho, kidole. Fanyeni hivyo. Sauti ya mtu mzima akijikumbusha haimpunguzii kitu.

KWENYE MSTARI

Usiguse bunduki mpaka msimamizi aamuru. Usitoe bunduki kwenye mfuko ili kuionyesha. Usijaze risasi ukiwa nyuma ya mstari. Usivuke mstari mpaka itangazwe kwamba uwanja ni salama, na ikitangazwa, ondoka mezani. Watu wakiwa mbele wakibandika karatasi mpya, hakuna mkono unaogusa bunduki, magazini, wala mfuko wenye bunduki. Hata kwa kufuta vumbi. Hata kwa kuisogeza isianguke.

Bunduki ikianguka, iache ianguke. Usiidake. Anayedaka huikamata popote mkono unapofika, na mara nyingi mkono hufika kwenye triga. Ikishatua chini, rudi nyuma hatua moja uite msimamizi. Yeye ndiye wa kuiokota. Kwenye mashindano ya IPSC, aliyeangusha bunduki katikati ya zoezi huondolewa siku hiyo, na haruhusiwi kuinama kuichukua.

Amri ya "Simama!" ni ya kila mtu. Narudia kwa sababu hapa ndipo tunapokosa zaidi. Si ya msimamizi peke yake. Mwanachama wa jana, mfagiaji, mgeni aliyekuja kutazama, mtoto aliyeketi bandani na mama yake, yeyote akiona hatari apige kelele, na kila mtu aliye kwenye mstari atii kwanza, aulize baadaye.

Binti mmoja, mfamasia, alikuwa bado hajafahamiana na watu. Watu walikuwa mbele wakibandika karatasi. Nyuma, mezani, bwana mmoja mwenye jina kubwa mjini alifungua mfuko, akatoa bastola yake mpya, akawa anamwonyesha mwenzake jinsi ilivyo nyepesi, akiinyoosha kuelekea walikokuwa watu. Binti aliniambia baadaye kwamba neno la kwanza lililomjia ni "Samahani, mheshimiwa." Alilimeza. Akapaza sauti, "Simama! Weka chini!" Uwanja mzima ukaganda. Bwana akaweka chini, kisha akamgeukia: "Unajua unaongea na nani?" Msimamizi aliyekuwa zamu alimjibu kwa upole kwamba leo hapigi tena, akamsindikiza hadi kwenye gari. Binti yule sasa anasomea usimamizi wa renji, na nafurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Unapomwonya mkubwa wako, usianze na salamu. Usianze na samahani. Heshima zote zipo na utamrudishia baada ya mtutu kushuka. Na wewe mkubwa uliyeonywa, jibu lako ni moja: "Asante." Hata kama aliyekuonya alikosea kuona.

BUNDUKI IKIKATAA

Umebana triga na hakuna kilichotokea. Usiinue bunduki kuitazama. Usichungulie mtutuni. Ishikilie vilevile, mtutu tutani, hesabu sekunde 30. Kuna fataki zinazochelewa kuwaka, na risasi inayolipuka wakati bunduki imegeuzwa pembeni haichagui mtu. Baada ya hapo toa magazini, vuta slaidi, risasi mbovu uitenge. Utawaona walengaji wa mashindano wakigonga magazini na kukoki papo hapo. Hao wanashindana na saa. Wewe uko mazoezini, huna unachokikimbilia.

La hatari zaidi ni lile lisilotisha. Badala ya mlipuko unasikia pofu, sauti hafifu, na mkono haukuhisi teke. Acha. Usikoki. Usipige nyingine. Baruti ilikuwa pungufu au haikuwepo, na kipande cha risasi huenda kimekwama ndani ya mtutu. Ukipiga ya pili nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka mikononi mwako, mbele ya uso wako. Nimeona mtutu wa namna hiyo ukiwa mezani kwa fundi, umevimba katikati. Mwenye bunduki alipona kwa kuwa jirani yake alisikia ile pofu akapiga kelele kabla ya kidole kubana mara ya tatu. Ndiyo, ya tatu. Ya pili ilishatoka na kukutana na ya kwanza. Anayetumia risasi zilizojazwa upya awe makini maradufu.

MASIKIO, MACHO, SHINGO

Mlio wa bastola hupita desibeli 150, na sikio linaweza kuumia papo hapo kwa mlio mmoja wa 140. Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Wapo wazee wa renji wanaojigamba kwamba wamezoea kelele. Hawajazoea, wamepoteza usikivu, na wake zao wanajua. Vaa viziba masikio, na ndani ya jengo vaa aina mbili pamoja: vya kupachika ndani ya tundu na vya kufunika nje. Miwani ya usalama huvai wakati wa kupiga tu. Unavaa tangu unapoingia, kwa sababu ganda linaloruka ni la bunduki ya jirani.

Vaa shati lenye kola ya kufunga na kofia yenye kikingio mbele. Ganda la risasi hutoka likiwa la moto, na hupenda kuingia shingoni. Likiingia, vumilia liungue. Mtutu ubaki tutani, weka bunduki mezani, ndipo ujikung'ute. Mwanamke mmoja kwenye klabu yetu ana kovu dogo juu ya kifua, na hulitaja kwa fahari. Alisimama palepale ngozi ikiungua, akamaliza kuweka bastola chini. Wanaume wawili waliokuwa kando yake walikuwa hai jioni ile bila hata kujua kilichopita.

Viatu vya wazi, hapana.

USIJE RENJI HIVI

Usije umekunywa. Si "kidogo". Usije umekesha na miraa mdomoni, wala umemeza dawa ya mafua inayosinzisha. Aliyefunga akasikia kizunguzungu apumzike kwenye banda, uwanja haukimbii. Usije na hasira ya nyumbani ukidhani milio itakutuliza.

Hili linalofuata litamkwe, ingawa watu hulikwepa. Mwenzako akianza kugawa vitu vyake, akiongea kama anayeaga, akiomba bunduki ya kukodi na hana raha, usimpe. Mchukue pembeni, kaa naye, ita ndugu zake. Kukaa kimya kwa kuogopa kumwaibisha ni kosa lilelile la kumwogopa mheshimiwa.

Usipige selfi na bunduki mkononi. Anayetafuta pembe nzuri ya picha hatazami mtutu wake.

WAGENI NA WATOTO

Tarehe 25 Agosti 2014, kwenye renji moja ya Arizona, msichana wa miaka 9 alipewa bunduki ndogo aina ya Uzi ikiwa imewekwa kupiga mfululizo. Teke liliinua mtutu juu kushoto, mikono midogo ikashindwa, na mwalimu aliyesimama kando yake akapigwa kichwani akafa. Wazazi walikuwa pale. Mtoto hakukosea lolote. Waliokosea ni watu wazima waliompa silaha iliyozidi nguvu zake.

Mgeni aanze na bunduki nyepesi na risasi moja tu kwenye magazini. Apige, aweke chini, mzungumze. Kisha moja tena. Wengi hugeuka baada ya mlio wa kwanza wakitabasamu, wakitaka kuona kama umewaona, na mtutu hugeuka nao. Ikiwa ndani hakuna ya pili, tabasamu lile halimdhuru mtu. Simama nyuma ya bega lake la upande wa mkono anaopigia, mkono wako tayari. Usimpe bunduki kubwa ili ucheke anaposukumwa na teke. Ukifanya hivyo kwangu, unafunga mfuko unaondoka.

BAADA YA KUPIGA

Klabu zetu nyingi zina jiko la nyama nyuma ya banda, na sina neno nalo. Ila bunduki zote zifungiwe kwanza, na aliyeonja bia ya kwanza harudi mstarini kwa sababu yoyote.

Kisha mikono. Moshi wa fataki na vumbi la tuta vina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama. Sisi hula nyama na ugali kwa mkono. Vumbi lililo kwenye vidole huingia mdomoni moja kwa moja, pamoja na chumvi na kachumbari. Nawa kwa maji baridi na sabuni, mpaka kwenye kiwiko, usugue chini ya kucha, na uso pia. Usitafune miraa wala kuvuta sigara mstarini. Ukifika nyumbani, vua viatu nje, badili nguo kabla hujambeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Watoto wadogo ndio huumizwa zaidi na madini haya, ubongoni. Anayefagia renji aloweshe sakafu kwanza. Kufagia pakavu ni kumlisha vumbi kijana anayelipwa kidogo kuliko sisi sote. Mpeni barakoa nzuri.

NJIANI NA NYUMBANI

Kwa Kenya, cheti cha silaha hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, nacho hutaja silaha na risasi ulizoruhusiwa. Kibebe. Kihuishe kwa wakati. Desemba 2018 serikali iliagiza wamiliki wote wenye leseni wakaguliwe upya, na aliyekuwa na makaratasi yake sawa hakuwa na cha kuhangaikia. Tanzania inayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Anayesafiri kwa mashindano asidhani kibali cha huku kinatosha kule.

Cheti hakisemi kwamba unajua kupiga. Kinasema umeruhusiwa kumiliki.

Safirisha bunduki bila risasi, ndani ya mfuko uliofungwa, risasi kando. Usiiache garini ukiingia dukani. Nyumbani iwe kwenye sanduku la chuma lililofungiwa ukutani, na ufunguo usikae juu ya kabati ambako kila mtoto wa nyumba hiyo ameshauona.

KWA KAMATI

Wekeni daftari la visa vilivyokaribia kuwa ajali, si ajali tu. Andikeni bila kumtaja mtu jina, visomwe kila mkutano. Mwanachama anayeripoti kosa lake asitozwe faini. Anayeficha ndiye wa kutozwa.

Anayevunja kanuni mara ya pili asimamishwe, afunzwe upya, apimwe kabla ya kurudi. Anayekasirika kwa kuonywa asimamishwe mara ya kwanza. Na wewe mwanachama, kama kamati yenu inashindwa kumsimamisha mtu kwa sababu ndiye aliyelipia mabati ya banda, chukua bunduki yako, funga mfuko, utafute klabu nyingine wiki hiihii.